Bata na Nyati: Khuê Anavyolinda Sauti ya King'ora cha Bến Cau

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, Mạc Thị Khuê amekwishamwambia bosi wake "hapana" mara mbili na anajiandaa kwa ya tatu. Amesogeza pembeni glasi ya kahawa yenye barafu. Anaitazama kompyuta kama mama aliyenusa samaki sokoni na hakupenda alichokinusa.

"Dada, kimbunga kinaingia Alhamisi," anasema bosi, Lưu Thế Kiệt, aliyesimama nyuma yake na koti la mvua linalochuruzika sakafuni. "Watu wa kata wananipigia simu tangu jana. Tutume kifurushi sasa, mengine tutamalizia baadaye."

"Baadaye tukiwa wapi? Juu ya paa?"

"Dada Khuê, nakuomba."

"Usiniombe, mdogo wangu. Humu ndani kuna bata. Sitoi kifurushi chenye bata."

Kiệt anafuta uso kwa kiganja. Yeye ndiye mkurugenzi na ndiye anayesaini mishahara, lakini ana miaka thelathini na sita na Khuê ana arobaini na tatu. Kwa hiyo ndani ya ofisi hii yeye ni mdogo mtu, na atabaki hivyo hata akilinunua jengo zima.

Bata anayezungumzwa hana manyoya. Ndiye aliyekifanya kijiji kizima cha Bến Cau kilale usingizi mwaka jana wakati maji yanapanda, na ndiye aliyemfanya Khuê kuwa mtu asiyebembelezeka.

Ofisi yao iko Đà Nẵng, Vietnam, ghorofa ya tatu, juu ya mkahawa wa tambi za samaki ambao harufu yake hupanda ngazi kabla ya wafanyakazi. Kampuni ni ndogo. Inatengeneza programu za ving'ora vya mafuriko: masanduku ya bati yaliyofungwa juu ya milingoti kando ya mito, yanayopima kina cha maji na kupiga kelele maji yakipanda. Khuê haandiki programu hizo. Kazi yake ni kutunza maktaba.

Maktaba katika kazi hii si nyumba ya vitabu. Ni furushi la kazi zilizoandikwa mara moja, ambalo programu nyingi huliazima badala ya kila moja kuandika upya. Kila king'ora kinaazima maktaba nne: ya kusoma kina cha maji, ya kukokotoa kasi yanavyopanda, ya mawasiliano ya redio, na ya kupiga honi yenyewe. Maktaba moja ikikosea, kila king'ora kinachoiazima kinakosea nacho, kwenye mito yote.

Na kila maktaba hupikwa mara mbili. Kupika ndilo neno lao la kugeuza maandishi ya mtengeneza programu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitumia. Kuna toleo la jaribio, ambalo limejaa maswali. Hukagua kila kitu, huandika kila hatua, na likiona jambo la ajabu husimama palepale na kumuuliza binadamu: tuendelee au tuache? Hilo ndilo linalosaidia kusaka makosa. Kisha kuna toleo la kazi, jepesi, lisilouliza, linalosonga mbele.

La kwanza wanaliita bata, kwa sababu halinyamazi. La pili wanaliita nyati, yule wa mashamba ya mpunga, anayevuta jembe kutwa bila maneno mengi.

"Watu hudhani bata ni adui," anasema Khuê. "Si adui hata kidogo. Bila bata nisingejua kosa liko wapi. Namtunza kuliko ninavyowatunza baadhi ya ndugu zangu. Ila mahali pake ni hapa ofisini. Mtoni hapana."

Kibaya zaidi, anasema, ni kuwachanganya. Bata na nyati hupima kumbukumbu ya mashine kwa vipimo tofauti. Mmoja akitenga nafasi, mwingine hajui kuirudisha, na sanduku zima huweza kuzimika bila hata kuaga.

Khuê hakuzaliwa kwenye kompyuta. Alianza kazi kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda cha nguo pembezoni mwa mji, akisoma masomo ya programu jioni. Kiwandani kazi yake ilikuwa kutenga mashati ya mfano na mashati ya kusafirishwa. Shati la mfano huachwa na pini zake, ili fundi aone pa kurekebisha.

"Likienda dukani na pini, mtu anachomwa," anasema. "Sasa nafanya kazi ileile. Ninachotenga tu ndicho kimebadilika."

Mshahara wake ni milioni kumi na tisa za đồng kwa mwezi, chini ya wanavyopata wanaoandika programu. Anakiri kwamba jambo hilo humuudhi, hasa siku ambazo waandishi wenyewe huja mezani kwake kuuliza maktaba yao imekwenda wapi. "Huwa nawaambia iko pale ulipoitupa, kaka," anasema. Mumewe, anayeendesha tingatinga kwenye ujenzi wa barabara, humtania kwamba yeye huhamisha vitu vinavyoonekana na mkewe huhamisha visivyoonekana, na bado mkewe ndiye anayerudi amechoka zaidi.

Mkasa wa mwaka jana ulitokana na neno moja.

Ilikuwa wiki ya mvua, mwezi wa kumi. Khuê alikuwa amepika toleo la jaribio, la nne wiki hiyo, ili mafundi walichunguze humuhumu ofisini. Akaipa folda yake jina "banthu4". Majina ya mafaili huko huandikwa bila zile alama za juu na chini ya herufi zinazoonyesha sauti ipande au ishuke, kwa sababu mashine za zamani huzikataa. Na Kivietinamu kikivuliwa alama hizo, neno moja hugeuka maneno mengi.

Khuê aliandika akimaanisha "bản thử 4": jaribio, namba nne.

Fundi wa mitamboni, Tôn Thất Bửu, mwenyeji wa mji wa Huế anayezunguka na gari kufunga ving'ora, alisoma "bản thứ 4": toleo la nne. Na toleo la nne ndilo hasa vituo vyote vilikuwa vikilisubiri.

Kiệt, ambaye alipaswa kuidhinisha, alisoma "bản thứ Tư": toleo la Jumatano. Kwao Jumatano huitwa siku ya nne, na siku hiyo ilikuwa Jumatano kweli. Akaona mambo yamenyooka, akaidhinisha.

"Tulikubaliana kabisa," anasema Bửu, mwanamume mrefu mwenye ucheshi wa watu waliozoea kukaa juu ya ngazi. "Hiyo ndiyo iliyotuponza. Tungegombana kidogo tungepona."

Bata akapelekwa mtoni. Kwa siku kadhaa alifanya kazi bila neno. Kisha Jumapili maji yakaja na matawi, tawi moja likapiga kipimio, na kipimio kikatoa namba isiyowezekana. Bata akafanya alichofundishwa. Akasimama, akauliza: tuendelee au tuache?

Aliuliza ndani ya sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli, juu ya mlingoti, mvua ikinyesha, mahali ambapo hapakuwa na kioo cha kuonyesha swali wala mtu wa kulijibu. Akasubiri. Honi haikulia. Maji yakaingia Bến Cau watu wakiwa vitandani.

Nyumba ya kwanza kutoka mtoni ni ya mzee Hoạt, ambaye alipooza upande mmoja miaka kadhaa iliyopita. Hawezi kutembea. Mkewe, anayejulikana kwa jina la mumewe kama ilivyo desturi, aliamka akakuta maji yamefika kwenye godoro. Bibi Hoạt ni mwanamke mwembamba, hafiki begani kwa mumewe. Alimlaza juu ya mlango uliong'oka, akakishika kichwa chake juu ya maji mpaka kulipokucha na majirani wakafika na mtumbwi.

Mzee alipona. Wengi walipoteza ng'ombe, mpunga na pikipiki. Hakuna aliyekufa, na kila mtu Bến Cau anajua kwamba ilikuwa bahati tu.

Khuê alikwenda huko wiki iliyofuata, peke yake, na mfuko wa matunda. Hakuna aliyemtuma. Alikaa kwenye baraza iliyokuwa bado na tope akamwambia Bibi Hoạt kwamba jina lile la folda aliliandika yeye.

"Nilitegemea atanitukana," anasema. "Nilitaka anitukane."

Bibi Hoạt hakumtukana. Alimmenyea tunda akampa. "Mwanangu, mimi sijui toleo wala maktaba," alimwambia. "Mimi nataka nusu saa. Nikipata nusu saa, wanaume wanne watakuja kumbeba baba huyu mpaka shuleni ghorofani. Nisipoipata, mwaka huu sina tena nguvu ya kumshika. Basi nipe nusu saa."

Kuanzia siku hiyo Khuê anafanya kazi kwa ajili ya nusu saa hiyo. Halmashauri ya kata nayo ilisema wazi: king'ora kikinyamaza tena, watakitoa, na watarudi kwenye ngoma na kijana wa pikipiki anayepita akitangaza. Ngoma ya Bến Cau haisikiki mvua ikiwa kubwa. Wanalijua hilo wote.

Ofisini waliitisha kikao cha kutafuta majina mapya, na kikao hicho hadi leo kinasimuliwa kama kichekesho. Bửu alipendekeza kila bata aandikwe kwa herufi kubwa DUNG GIAO, yaani "đừng giao", usipeleke. Kiệt akaisoma ubaoni kwa sauti: "đúng, giao". Sawa, peleka. Mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai ilimtokea puani.

"Neno hilo likivuliwa alama ni balaa," anasema Bửu. "Linaweza kuwa usi, au sawa, au tumia, au simama. Ningetafuta mwaka mzima nisingepata baya kuliko hilo."

Khuê peke yake hakucheka. Alipendekeza majina yasiandikwe tu bali yatamkwe, mpikaji na mfungaji waambiane kwa mdomo. Wazo zuri, isipokuwa Bửu ni mtu wa Huế, na lafudhi ya Huế hulibeba neno kwa namna yake. Alitamka "thứ", na dada mmoja wa uhasibu, mzaliwa wa Hanoi, akaapa amesikia "thử".

"Nyie watu wa Hanoi masikio mmeyaazima wapi?" Bửu aliuliza.

"Na nyie mmeuazima wapi huo mdomo?" alijibiwa.

Ndipo Khuê akasimama akaandika maneno mawili ubaoni: vịt na trâu. Bata na nyati. Hata uyavue alama zote, hata mtu wa Huế ayatamke mdomo umejaa wali, hakuna atakayechanganya moja na jingine.

Baada ya hapo akajenga utaratibu wake, na haulegezi kwa mtu. Bata wana kompyuta yao na nyati wana yao, na kifurushi cha kwenda mtoni hutoka kwenye ile ya nyati tu. Kila nyati anayetoka ana pacha wake bata, aliyepikwa saa ileile kutoka maandishi yaleyale, na pacha huyo hafutwi. Nyati akianguka mtoni huacha alama chache zisizoeleweka. Pacha wake pekee ndiye anayeweza kuzisoma na kusema kosa liko mstari gani.

Kiệt aliwahi kulalamika kwamba mapacha wanajaza nafasi. "Futa basi wa zamani, dada."

"Nifute vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako kwanza," Khuê alimjibu, na mada ikafa.

Ndiyo maana asubuhi hii ya Jumatatu, kimbunga kikiwa baharini, Khuê amekifungua kifurushi ambacho kila mtu anamwambia kimekamilika, akaanza kuchungulia maktaba moja baada ya nyingine. Ya kina cha maji ni nyati. Ya kasi ni nyati. Ya honi ni nyati. Ya redio imeandikwa nyati kwa nje, lakini ndani imejaa maswali.

"Jina nyati, sauti ya bata," anasema. "Nani aliipika hii?"

Kiệt anavua koti lake la mvua taratibu, kama mtu anayetafuta la kusema ndani ya mikono yake.

"Ni yangu," anasema.

Kiệt bado huandika programu anapopata nafasi, na maktaba ya redio ni kazi yake mwenyewe.

"Nyati wake yuko wapi?"

"Anaanguka."

"Anaanguka lini?"

"Wakati wowote. Dakika chache tu, chini. Bata wake anasimama wima kutwa, nimemjaribu Jumamosi nzima. Dada, niambie ukweli wa Mungu. Wewe unazama, mbele yako kuna anayeanguka na anayesimama. Utamshika yupi?"

"Anasimama kwa sababu uko hapa unamjibu," anasema Khuê. Hajapandisha sauti. "Bến Cau atamjibu nani? Mzee Hoạt?"

Kiệt alivuta kiti akaketi kando yake.

Kinachofuata si kizuri kukitazama. Watu wawili wanaangalia maandishi madogo kwenye kioo, wakinung'unika. Walikaza uzi mpaka alasiri. Wanaojua kazi hii wanaufahamu ugonjwa waliokuwa wakiusaka: kosa linalojificha mbele ya bata na kujitokeza kwa nyati tu.

Khuê anaeleza hivi. Bata ni mwenyeji anayefagia chumba kabla mgeni hajaingia. Nyati hafagii, hana muda huo. Mwandishi wa programu akisahau kuweka kitu mahali fulani, kwa bata mahali pale patakuwa safi na kila kitu kitaonekana sawa. Kwa nyati, mgeni atakalia takataka iliyoachwa na aliyetangulia.

Walilipata kosa baada ya saa ya chakula cha mchana, ambacho hawakukila. Kulikuwa na namba ya nguvu ya mawimbi ya redio ambayo hakuna aliyekumbuka kuipa thamani ya kuanzia. Ulikuwa mstari mmoja. Kiệt aliuandika, akauangalia, akaegemea kiti.

"Mstari mmoja, dada."

"Huwa ni mmoja."

"Ningewapelekea bata. Mara ya pili."

Khuê alikuwa na haki ya kusema mengi wakati huo. Alimwambia, "Inuka tukale, tambi zinaisha." Waliporudi alizipika upya maktaba zote nne, bata na nyati, kutoka mwanzo. Haamini kifurushi kilichotiwa kiraka. Nyati wa redio aliachwa akikimbia huku kila mtu akipita na kumchungulia kama mgonjwa. Hakuanguka.

Kukabidhi kulifanyika kwa mdomo.

"Wanyama gani?" aliuliza Bửu mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Nyati wanne."

"Bata?"

"Hakuna hata unyoya."

Jumanne waliondoka pamoja kwenda Bến Cau. Khuê hana ulazima wa kwenda vituoni, lakini hiki hakiachi. Njiani walikula tambi za manjano kwenye kibanda cha kandokando ya barabara, Bửu akilalamika kwamba pilipili za huku ni za watoto, kisha wakafika wakakuta watu wa Bến Cau wanapandisha mpunga darini.

Bửu alipanda mlingoti akafunga kifurushi. Khuê, akiwa na kandambili na suruali iliyokunjwa magotini, alishikilia kipimio akakizamisha kwenye ndoo ya maji. Honi ikalia. Mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Kisha akachukua fimbo, akakichapa kipimio kwa nguvu huku honi inalia, kama lile tawi la mwaka jana. Namba za ajabu zikaingia. Honi haikusita.

Mzee Hoạt alikuwa ametolewa barazani, amelala kwenye machela yake ya kamba. Tangu apooze, sauti yake haipandi wala haishuki. Maneno yote humtoka yamelala, na wageni hawamwelewi.

"Thu," alisema mzee.

Khuê na Bửu wakatazamana. Bibi Hoạt hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Anasema jaribuni tena," alisema. "Bado hajaridhika."

"Huyu mzee angefaa ofisini kwetu," Bửu alisema.

"Yeye angalau ana wa kumtafsiria. Nyie mna nani?" Bibi Hoạt akamjibu.

Walijaribu tena. Walijaribu mpaka mzee alipofumba macho na mkewe akasema inatosha, sasa mnatusumbulia kuku.

Alhamisi kimbunga kiliingia kama kilivyoahidi. Kufika adhuhuri mto ulikuwa umegeuka rangi. Ofisini Đà Nẵng, Khuê, Kiệt na Bửu walikaa mbele ya kioo kinachopokea namba kutoka vituoni. Bến Cau ilipovuka alama nyekundu, kituo kiliripoti: honi inalia.

Hakuna aliyeshangilia. Khuê alianza kuhesabu kimoyomoyo ile nusu saa ya Bibi Hoạt. Anasema kama mtu angemgusa bega angepiga kelele.

Kabla hajaimaliza, namba zikaharibika. Kituo kikaripoti kina cha maji kirefu kuliko mlima. Kisha kikaripoti mto mkavu. Gogo lilikuwa limekigonga kipimio, au mlingoti wenyewe ulikuwa unalegea. Hapa ndipo bata angesimama kuuliza.

Nyati hakuuliza. Aliziruka namba zile mbovu, akaendelea. Honi inalia, kituo kikasema. Honi inalia. Kiệt alikuwa akiyasoma maneno hayo kwa sauti kila yalipotokea, tena na tena, kama mtu anayeswali. Halafu kioo kikawa hakina kitu. Kituo cha Bến Cau kilikuwa kimekatika.

Simu za huko hazikupatikana. Walikaa hivyo, watu wazima watatu, bila kujua kama nusu saa ilitosha.

Simu ya Khuê iliita jioni. Ilikuwa namba asiyoijua, ya mwalimu wa shule. Aliyekuwa akizungumza ni Bibi Hoạt.

"Yuko juu huku," alisema. "Walikuja wanne, wakambeba na machela yake. Amelowa miguu tu. Sasa anagombana na watu anataka mto wa kulalia."

Kiệt akaichukua simu mkononi mwa Khuê, akauliza kuhusu majirani. Wote walikuwa ghorofani. Wote walisikia. Bibi Hoạt alisema maji yalipofika kwenye sanduku, mlingoti uliinama, na honi ikaendelea kulia ikiwa imelala upande, mpaka ilipozama.

Wiki iliyofuata, mbele ya bakuli la tambi, Khuê hana sura ya mtu aliyeshinda. Ana sura ya mtu mwenye kazi. Mpango wake ni kwamba kila maktaba, inapofika kituoni, itaje mlangoni kama ni bata au nyati, na kituo chenyewe kimkatae bata bila kumsubiri mtu. Ameliomba jambo hili mwaka mzima na kuambiwa hakuna muda. Jumatatu hii Kiệt alikuja kabla ya wenzake, akaketi, akaanza kuliandika mwenyewe.

"Sitaki watu wa mtoni wategemee pua yangu," anasema Khuê. "Siku nitaumwa. Siku nitastaafu. Siku nitakosea tena, maana nitakosea. Siku hiyo mlango ukatae wenyewe, hata kama ni mimi ninayebisha."

Anataka vituo vyote viwe na mlango huo kabla ya mvua za mwaka ujao. Halmashauri ya Bến Cau, iliyotishia kukitoa king'ora, sasa imeomba viwili. Mlingoti mpya utasimikwa kabla ya Tết, mwaka mpya wao, juu zaidi ya ukingo.

Mahali uliposimama wa zamani pamebaki shimo na tope. Maji yaliposhuka, Bibi Hoạt alikwenda pale akasimika vijiti vitatu vya udi akaviwasha, kama anavyowawashia wazazi wake waliokufa.

Khuê aliposikia hilo kutoka kwa Bửu aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akatazama mvua barabarani, machozi yakimtoka na yeye akiyaacha.

"Mwambie bibi nashukuru," alisema. "Lakini huu mlingoti mpya nataka uzeeke."